Tovuti Iliyomngojea Mgeni Rasmi

Laiti wangeifungua Jumatatu. Asiya huiambia sufuria hivyo, huuambia ukuta, humwambia dereva wa teksi asiyemjua hata jina. Laiti wangeifungua Jumatatu kama ilivyopangwa, bila keki, bila hotuba, bila yule mtu wa kungojwa. Lakini laiti haijamfufua mtu tangu dunia iumbwe, na Asiya analijua hilo kuliko mimi na wewe.

Basi tovuti yenyewe iliitwa Mbiu, na ilikuwa na kelele kuliko soko. Ukiifungua tu, hujasoma hata neno, muziki ulianza kupiga wenyewe, na mahali pa kuuzima hapakuwepo. Juu kabisa alikaa Gaspard, mwenye ofisi, pichani ndani ya suti, meno yote nje, na chini yake jina lake likipita mbio kwa herufi za njano juu ya weupe, herufi za kumuumiza macho hata mwenye macho mazima. Kulia tangazo la magodoro, linawaka linazima. Kushoto tangazo la saluni, nalo linawaka linazima. Katikati pongezi: waliooa wapongezwe, waliopanda cheo wapongezwe, waliotoka hija wapongezwe. Na chini, chini kabisa, baada ya kusukuma ukurasa mpaka kidole kichoke, ndipo zilipokuwa tanzia. Nazo ndizo zilizowaleta watu! Mji mzima ulifungua Mbiu kujua nani amefariki na anazikwa saa ngapi. Hakuna aliyeifungua kumtazama Gaspard, Mungu anisamehe.

Aliyeijenga ni Asiya, na alijenga alivyoagizwa. "Tovuti tupu ni kama duka tupu," Gaspard alimwambia. "Jaza, binti, jaza!" Naye akajaza.

Tanzia nazo zilikuwa na utaratibu wake. Familia huleta karatasi pale ofisini Rohero, katikati ya mji: picha ya marehemu, ukingo mweusi, na muhuri wa parokia au wa msikiti. Dévote, karani wa ofisi, huipiga picha ile karatasi kwa simu na kuipandisha vilevile ilivyo. Ukithubutu kumwambia mfiwa kwamba maneno yataandikwa upya, anakuja juu: muhuri wetu uko wapi? Kwa watu wa Bujumbura, tangazo lisilo na muhuri ni uvumi tu. Haya, picha ikapanda. Mwenye macho akasoma, asiye na macho shauri yake.

Na asiye na macho alikuwa baba yake Asiya mwenyewe.

Mzee Uthmani alikuwa fundi wa magari mtaa wa Buyenzi, gereji moja na rafiki yake Seifu, tangu ujana wao. Presha ya macho ikamnyemelea, siku zikapita, taa ikazimika. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Asiya akamchukua baba yake akae kwake Carama, mbali na msikiti wake, mbali na nyundo na mabati aliyozoea. Kila alfajiri, akishaswali, mzee alibaki juu ya mkeka akipapasa simu. Simu ile ilikuwa na sauti ya mwanamke inayomsomea kila kitu kidole chake kinachokigusa. Ujumbe ilisoma, saa ilisoma, hali ya hewa ilisoma. Ikifika kwenye Mbiu, inasema: "Picha. Picha. Picha."

"We mama," alimwambia binti yake, maana ndivyo alivyomwita tangu mdogo, "watu wanakufa, mi niko naambiwa picha. Picha ya nini? Iko mutu ao iko godoro?"

Asiya alicheka. "Nitatengeneza, baba." Akasema hivyo masika, akasema tena kiangazi.

Uthmani hakuzitafuta tanzia kwa umbea. Alikuwa na ahadi. Zamani, macho yakiwa bado mazima, yeye na Seifu walikwenda kumzika mwenzao wa gereji. Walioshuka kaburini kumpokea maiti walikuwa watu wa kuokotwa, wenye haraka zao, wakamshusha yule marehemu kama gunia la saruji. Seifu alirudi hana raha. Wakaketi juu ya matairi, akasema, "Uthmani, mi sitaki kushushwa vile. Nikitangulia, we ndo utashuka kunipokea. Ukitangulia we, mi niko." Wakapeana mikono, mikono yenyewe imejaa grisi.

Macho ya Uthmani yalipokufa, alimwendea mwenzake kumfungulia ahadi ile. "Tafuta mwingine, bwana. Mi kipofu sasa, nitakuangusha."

Seifu akamjia juu. "Kaburini kuna taa? Mule ndani wote vipofu! Mi nilitaka mikono yako. Nani alikuomba macho?"

Asiya alikuwepo, anamimina chai. Aliwaona wazee wale wawili wakilia na kucheka papo hapo, kamasi kwa machozi. Kwa hiyo asije akasema hakujua. Na alijua pia kwamba Waislamu hawalazi maiti: mtu akifa alfajiri, adhuhuri yuko ardhini. Ukichelewa kusikia, umechelewa moja kwa moja.

Mwaka huu Seifu akaanza kuugua. Kifua, kisha miguu ikavimba, kisha akawa mtu wa kitandani. Ndipo Asiya alipoacha kucheka. Akamwendea Gaspard, akamwambia tovuti ibomolewe ijengwe upya. Gaspard hakutaka hata kusikia, mpaka Asiya alipomdokeza kwamba jirani zao wa ghorofa ya juu wameshatengeneza yao upya na watu wanaisifu. Ah! Hapo patron, bosi wake, akaona kweli kuna haja.

Jioni ya kwanza Asiya alijifunga mtandio machoni, akawasha ile sauti ya simu, akajaribu kutafuta tanzia moja tu kwenye tovuti yake mwenyewe. Alipapasa mpaka chai ikapoa. Godoro, saluni, picha, picha, pongezi, muziki unamfunika yule mwanamke asisikike. Alipotea ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Alipofungua mtandio ulikuwa umelowa, na chumba cha pili alimsikia baba yake akikohoa, akaona haya hata kwenda kumtakia usiku mwema.

Akaanza kazi. Muziki akauzima. Magodoro na saluni akayapeleka chini, tena yakae kimya yasikonyeze watu. Gaspard akahamishiwa ukurasa wake peke yake, na alinuna siku nzima kama aliyefiwa. Tanzia zikapanda juu kabisa, herufi kubwa, nyeusi juu ya weupe. Karatasi yenye muhuri ikabaki, mfiwa asije juu, ila juu ya kila karatasi Dévote alitakiwa aandike kwa maneno: jina, mtaa, saa ya maziko, mahali. Na ili aizoee kazi, kila tangazo lililokuja aliliweka mara mbili, picha kwenye tovuti ya zamani, maneno kwenye mpya iliyokuwa bado imefungwa. Dévote alikuwa mtu wa kanisani, mtaratibu, akifundishwa jambo halisahau.

Jumapili Asiya alimfungulia baba yake ile mpya kwa mlango wa nyuma anaoujua yeye tu. Mzee akagusa. Yule mwanamke akasema, "Tanzia. Matangazo ya leo, mawili." Akagusa tena. Akasomewa jina la marehemu, mtaa wa Kinama, saa ya misa, mahali pa kuzikia. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Mama, umenirudisha mujini."

Hakungoja hata Asiya aitoe simu mkononi mwake. Akampigia Seifu. Asiya alikuwa jikoni, anasonga ugali, anamsikia baba yake akipaza sauti kama yuko gerejini.

"We Seifu! Sasa mi nasoma mwenyewe! Eeh, mwenyewe! Mwambie mkeo Khadidja, ambia wote pale: asinipigie mutu tena simu ya msiba. Mi si mutoto wa kushikwa mkono. Akifa mutu nitasoma kama watu wote! Mkinipigia mtakuwa mumenivunjia heshima!"

Upande wa pili Seifu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Sasa huyo mwanamke wa simu umemuoa kabisa!"

"Tena wa Dar es Salaam! Kiswahili chake safi kuliko chako!"

Asiya alisikia kila neno, moyo ukamjaa, ugali ukaungua kidogo na hakujali. Siku nyingi hakuwa amemsikia baba yake akicheka vile.

Jumatatu asubuhi aliwahi kazini ili aifungue tovuti. Gaspard akamshika mkono.

"Unafungua nini? Hivi hivi? Kama mtu anafungua Fanta?" Akatikisa kichwa. "Apana, Asiya. Kitu kikubwa kinafunguliwa kwa ukubwa. Jumamosi tunafanya sherehe. Nimeshampata mheshimiwa mmoja, amekubali kuwa mgeni rasmi. Yeye ndo atabonyeza kitufe."

"Patron, iko tayari. Watu wanaihitaji leo."

"Watu wamengoja miaka, hizi siku chache ndizo zitawashinda? Halafu sikiliza." Akamsogelea. "Mzee wako atakaa mbele. Mheshimiwa akishabonyeza, baba yako ndo atasoma wa kwanza, mbele ya watu wote."

Hapo ndipo penyewe. Asiya angeweza kubisha, maana ulimi anao. Lakini alimwona baba yake ndani ya kanzu nyeupe, amekaa mbele ya wakubwa, watu wanamtazama kwa heshima na si kwa huruma, kama walivyomtazama siku zote akishikwa mkono kuvushwa barabara. Alilitamani jambo lile. Akakubali, na wala si kwa shingo upande.

Jioni akamweleza baba yake: ile uliyoijaribu itafunguliwa Jumamosi, mlango wa nyuma nimeufunga patron asiuone, mpaka siku hiyo ni ileile ya zamani.

"Bon," mzee akasema. "Jumamosi si mbali. Na mi nisome mbele ya wakubwa? Basi unitafutie kanzu inayofanana na mutu."

Wakaanza kuzungumzia kanzu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekumbuka kupiga simu Buyenzi na kusema: bado jamani, nipigieni kwanza. Simu moja! Wallahi, simu moja ya kusema neno moja. Lakini mzee alishajisifu kwa Seifu, na binti alishaona kanzu nyeupe, na kila mmoja akawa ameziba sikio kwa furaha yake.

Ijumaa Uthmani alitaka kwenda kumjulia hali mgonjwa. "Kesho baba," Asiya akasema, "tukitoka kwenye sherehe tunapitia Buyenzi moja kwa moja. Utakuwa na habari ya kumpa." Mzee akaona ni kweli, habari ikikamilika ndiyo tamu.

Jumamosi wakaamka mapema. Kadi ya mwaliko ilisema saa nne kamili. Ukumbi, palepale Rohero, ulikuwa umepambwa vitambaa vyeupe na bluu. Wanawake wa ofisi wamevaa vitenge sare. Keki imetengenezwa kwa umbo la kompyuta, na Gaspard anaizunguka kama mama mzazi. Umeme haukuwepo tangu usiku, na jenereta ilikuwa na mafuta kidogo, kwa hiyo isingewashwa mpaka mheshimiwa aingie. Asiya akaitazama simu ya baba yake, akaona moto wa betri umebaki kidogo.

"Nipe simu, baba, niizime. Isije ikakufia mkononi mbele ya watu."

Akaizima, akaitia mkobani.

Saa nne ikafika, mgeni hayupo. Saa tano viti vyote vimejaa, mgeni hayupo. Kila Gaspard akipiga simu anaambiwa yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika? Mji wenyewe ukitema mate huku yanaangukia kule. Watu wakaanza kujipepea kwa kadi. Watoto wa watu wakaanza kuitazama keki kwa macho mabaya. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu hakuja, na hakuna aliyethubutu kupona bila yeye.

Uthmani alikaa mstari wa mbele, mgongo wima, kofia ya kiua kichwani, mikono juu ya fimbo. Alikuwa amependeza, wallahi. Asiya alipomkaribia, mzee akamvuta mkono.

"Mama, nigusie kidogo hiyo mupya. Nione tu nani ameamka, nani hakuamka."

"Baba, bado imefungwa, na ya zamani wameshaizima. Mgeni hajafika."

"We si ndo umeitengeneza? Fungua."

Asiya akageuza kichwa. Kompyuta iko pale mezani, inakula betri yake, kitufe kiko pale, kazi ya kupepesa jicho. Akamtazama Gaspard, na Gaspard aliyasoma mawazo yake kutoka mbali, akaja kwa hatua kubwa.

"Ukigusa hicho kitufe kabla ya mheshimiwa," akamnong'oneza, "Jumatatu usije kazini."

Ilikuwa saa tano na ushei. Nitaacha hapo kidogo, maana hata mimi hapa pananichoma. Saa tano na ushei, wakati bado upo, njia ya Buyenzi ni fupi, mtu anafika hata kwa miguu.

Asiya akarudi kwa baba yake, akamwambia asubiri kidogo tu. Mzee akasema sawa. Jua likapanda utosini. Adhuhuri ilipoingia Asiya alimletea maji ya kutawadha kwenye kopo, mzee akaswali nyuma ya ukumbi, kati ya kreti za soda, akiwa peke yake. Alikaa kitako muda mrefu akiomba dua. Alipoulizwa baadaye alisema alikuwa anamuombea Seifu apate nafuu.

Mheshimiwa aliingia saa nane na nusu. Hakuomba radhi, na nani angemtaka aombe? Watu wote wakasimama. Jenereta ikanguruma. Gaspard akahutubu, mwingine akahutubu, mheshimiwa naye akahutubu, akasema teknolojia ni kwa wote na hakuna atakayeachwa nyuma. Kisha akabonyeza kitufe. Wakapiga vigelegele. Asiya akawasha simu ya baba yake, akamwekea mkononi, akakiongoza kidole chake cha shahada mpaka juu ya kioo. Gaspard akakisogeza kipaza sauti karibu na simu.

Ukumbi ukanyamaza. Mzee akagusa.

"Tanzia," akasema yule mwanamke, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Tangazo la leo, moja. Seifu Rajabu, fundi wa magari, Buyenzi. Amefariki alfajiri ya leo nyumbani kwake. Maziko ni leo baada ya swala ya adhuhuri. Jamaa na marafiki wote wajulishwe."

Wakapiga makofi.

Ndiyo, walipiga makofi. Wengi hawakusikiliza maneno, walisikia tu kwamba mashine imesema. Mheshimiwa alipiga makofi. Gaspard akapaza sauti, "Mnasikia? Kila neno! Kipofu anasoma!" Na Dévote kule nyuma naye alipiga makofi, masikini, maana ndiye aliyeandika maneno yale asubuhi alivyofundishwa, bila kosa hata moja, kabla ya kuja na keki. Seifu Rajabu kwake lilikuwa jina kama majina mengine.

Kidole cha mzee kilikuwa kinatetemeka, na kila kikitetemeka kinagusa tena, na kila kikigusa yule mwanamke anaanza upya. "Seifu Rajabu, fundi wa magari, Buyenzi. Seifu Rajabu, fundi wa magari. Seifu Rajabu." Asiya akaikamata ile simu na mkono wa baba yake kwa pamoja, akavibana kifuani mwake mpaka sauti ikakatika.

"Saa ngapi sasa?" mzee akauliza taratibu.

"Baba..."

"Saa ngapi, mama?"

"Inakaribia saa tisa."

Makofi yalikuwa yamekwisha, lakini huku na kule mtu mmojammoja alikuwa bado anapiga.

Walitoka mlango wa pembeni. Gaspard akawafuata mpaka ngazini akisema mheshimiwa anataka picha na mzee, dakika moja tu. Asiya alimgeukia, akamtazama vile ambavyo mfanyakazi hamtazami patron wake, na Gaspard akarudi ndani. Kwenye teksi mzee hakulia. Alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" mara moja, kwa sauti ya chini. Asiya ndiye aliyelia, analia na kumwelekeza dereva, kata kushoto, kata kulia, haraka kaka, haraka, na moyoni anajua haraka hiyo haina pa kwenda.

Buyenzi, mbele ya nyumba ya Seifu, mikeka ilikuwa imetandikwa na wanaume wamerudi kuzika. Viatu vyao vilikuwa na udongo mwekundu. Walipomwona Uthmani anashuka na kanzu yake nyeupe ya sherehe, wakainuka. Wakampisha njia mpaka barazani. Khadidja, mjane, alikuwa ameshaingia eda, kwa hiyo alisema naye akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji, tulikungoja," akasema, sauti imekauka. "Imamu alisema haifai kuchelewesha maiti. Nikamwomba. Nikamwambia, mngojeni Uthmani, sasa anasoma mwenyewe, ameshasoma, yuko njiani. Wakangoja. Mi nilikataza wasikupigie, we ulisema tutakuvunjia heshima. Halafu nikaona jeneza linanyanyuliwa na we huonekani, nikawaambia mpigieni, hata akikasirika akasirike. Simu ilikuwa imezimwa."

Asiya alikuwa amesimama pembeni ya pazia.

"Mi ndo niliizima, mama mkubwa," akasema. "Nilikuwa naitunzia moto." Akashindwa kuendelea. Akakaa chini palepale, juu ya viatu vya watu, na kitenge chake kipya cha sare, akalia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. "Na kitufe kilikuwa mbele yangu. Baba aliniomba. Aliniomba, nikamwambia asubiri mgeni!"

Hakuna aliyemnyamazisha kwa neno la hekima. Maneno gani? Khadidja alitoa mkono chini ya pazia, akamshika kichwa, nao wakalia pamoja.

Uthmani alikaa kwenye mkeka. Akauliza, "Nani alishuka kumupokea?"

"Mi, baba," akajibu mkwe wa Seifu, mume wa binti yake. "Na majirani wawili."

"Mulimushusha vizuri?"

"Polepole, baba. Hatukumwangusha."

"Mukamulaza vipi?"

Mkwe akashangaa kidogo swali lile, maana jibu lake kila Mwislamu analijua. "Ubavu wa kulia, uso kibla."

Mikono ya mzee ilikuwa magotini, viganja juu, mikono mikubwa ya fundi, safi kabisa siku hiyo, imepakwa mafuta kwa ajili ya wakubwa.

"Bega la kulia," akasema. "Siku moja jeki iliteleza, gari likamubana pale. Hakulilalia tena bega lile maisha yake yote, hata kwa Khadidja alilificha, asimuhurumie. Mi nilishafikiri nitafanya nini. Nilitaka nichambue udongo laini, usiwe na kijiwe hata kimoja, niuweke chini ya bega, nimuinue kidogo. Asilale na maumivu."

Mkwe akainamisha kichwa. "Hatukujua, baba. Hakuna aliyetuambia."

"Kweli," mzee akasema. "Mi ndo nilikuwa wa kuwaambia."